Doti Hazigusani

Kituo cha Kupima Matetemeko
4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kugombana na zile ngazi za kiwanda cha uchapaji. Mimi sijambo. Mlima ulio juu ya kituo chetu unatoa moshi kila asubuhi kama jiko lililowashwa kwa kuni mbichi, na sisi tunaendelea kufua na kuanika nguo chini yake. Msalimie Nesi, mwambie dada yangu huyo kwamba salamu za simu hazihesabiki, maana hapa simu hukatika baada ya neno la tatu. Ndiyo sababu nakuandikia.

Jambo lenyewe ni hili. Ile ramani uliyotuchorea imetundikwa kwenye ukumbi wa halmashauri tangu wiki iliyopita. Kila anayeingia anaisifu. Hata mimi niliisifu, mpaka nilipoisogelea.

Nikukumbushe kazi yake. Halmashauri inataka kujenga bweni la wasichana mia moja na arobaini. Kuna viwanja viwili. Cha chini kiko karibu na maji na barabara, ila kiko palepale matetemeko yanapopita. Cha juu kiko kilomita kadhaa mashariki, ni pakavu na mbali, lakini pametulia. Kwa miaka minne tumerekodi matetemeko mia sita na kumi na mawili. Nilikutumia orodha yake yote, mahali pa kila moja na ukubwa wake, uyawekee doti, yaani nukta za wino, ili wajumbe waone kwa macho yao kwamba yanafuata mstari mmoja.

Siku ya kikao Katibu wa halmashauri alisimama na fimbo mbele ya ramani yako, akasema: "Ndugu wajumbe, mimi hapa naona doti kila mahali. Kiwanja cha chini kina doti, cha juu kina doti. Kama ni kutikisika tutatikisika kotekote, basi heri tutikisike karibu na maji." Watu wakacheka, wakapitisha kiwanja cha chini. Kuchimba msingi kutaanza Juni.

Shangazi, kwenye orodha yangu mstari ule ungekuwa na upana wa kidole. Kwenye ramani yako una upana wa kiganja, na viwanja vyote viwili vimeingia kiganjani. Je, karatasi ilisogea mashineni? Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao,
Maswali


27 Februari

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Goti lipo, limekuwa mpangaji asiyelipa na asiyehama. Nesi ni mjamzito, Mungu akipenda atajifungua Julai. Kwa sasa hataki kusikia harufu ya sabuni, na yeye kazi yake ni wodini, kwa hiyo unaweza kufikiria hali yake. Mumewe amejifunza kuosha vyombo nje.

Habari yangu kubwa ni kwamba mwisho wa Mei nastaafu. Miaka thelathini na mmoja, mwanangu, kwenye meza ileile chini ya dirisha lilelile. Meneja amesema ramani yako ndiyo kazi yangu ya mwisho kubwa, na ndiyo bora kuliko zote, kwa hiyo itawekwa kwenye fremu na kutundikwa mlangoni kando ya saa. Babu Wino, yule mzee wa mashine, amechapa nakala mia mbili bila doa hata moja. Alinipigia saluti.

Kuhusu swali lako: karatasi haikusogea. Mashine ya Babu Wino haisogezi hata unywele. Orodha niliyotumia ni hiyo yako, na doti zote zimo. Zihesabu. Mimi sijawahi kupoteza doti ya mtu.

Mwaka huu hapa joto limezidi. Kula vizuri, maana picha uliyotuma inaonyesha mifupa tu na miwani.

Wako akupendaye,
Shangazi


10 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa habari za Nesi na za kustaafu. Nimefurahi kweli. Miwani ni mipya, ndiyo inanifanya nionekane mwembamba.

Nimezihesabu doti, zimetimia. Lakini hata ng'ombe wa mtu wakihesabiwa wakatimia, kama wote wako shambani kwa jirani, kesi bado ipo. Chukua namba 388. Nalikumbuka tetemeko hilo kwa sababu lilinimwagia chai, na kitovu chake kilikuwa kilomita moja tu kutoka jikoni kwetu. Kwenye ramani yako liko katikati ya ziwa. Shangazi, mimi sinywei chai ziwani.

Labda kosa ni langu, sikukueleza kwa nini mahali ni muhimu kuliko idadi. Gamba la dunia si kitu kimoja kizima. Limegawanyika vipande vikubwa, tunaviita mabamba, na kila bamba linasogea polepole, mwendo wa kucha kukua. Katikati ya bamba kwa kawaida pametulia, miamba inasafiri pamoja kama abiria waliosinzia. Vurugu ziko ukingoni. Kuna mahali bamba hugongana na jingine, mahali bamba moja huzama chini ya jingine, mahali husuguana ubavu kwa ubavu, na mahali, kama hapa kwetu, huvutana na kuachana. Ukingoni hapo miamba hukwama. Nguvu hujikusanya miaka na miaka, kisha siku moja miamba inashindwa, inakatika na kuteleza ghafla. Hilo ndilo tetemeko. Mlango haulii katikati ya ubao, hulia kwenye bawaba.

Volkano nazo hufuata kingo hizohizo. Hapa kwetu gamba limevutwa mpaka likawa jembamba, mwamba wa moto wa chini umepanda, uzito uliokuwa ukiukandamiza umepungua, na sehemu yake imeyeyuka. Uji huo wa mawe hutafuta njia kwenye nyufa zilezile. Kwingine, bamba linalozama hubeba maji kwenda nayo chini, na maji hayo husaidia mwamba wa juu yake kuyeyuka. Kwa hiyo mlima wetu na matetemeko yetu wamepanga nyumba moja. Ndiyo, ziko volkano na matetemeko machache yanayotokea mbali na kingo, usinishike hapo. Lakini ukiweka doti za dunia nzima kwenye ramani, nyingi zake zinajipanga kama mshono wa nguo. Mshono huo ndio habari. Ukizitawanya doti, umefuta habari, hata kama zote zimo.

Nakuuliza kama mwanao, na sikuulizi kwa ubaya: ulizisogeza? Ndiyo au hapana.

Maswali


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mko salama nyote. Nasema natumaini kwa sababu wiki sita zimepita na sijapata hata mstari mmoja. Posta nimekwenda mara nne. Karani wa pale sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Nimempelekea Katibu orodha yenyewe. Amesema namba hazimwambii kitu, ramani ndiyo hati, na kama ramani ina kasoro basi mchoraji aseme kwa maandishi. Mkandarasi keshaleta mawe. Watu wananiambia usipoziba ufa utajenga ukuta, mmoja baada ya mwingine, na wanajiona wamesema jambo jipya.

Sikuombi siri ya serikali, Shangazi. Naomba jibu la neno moja.

Maswali


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Tumbo la Nesi limekuwa kubwa, mumewe anatembea nyuma yake na kiti. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na kazi za kukabidhi ofisi, na kwa sababu barua yako ya Machi ilinikera. Mtu niliyemfundisha kushika kalamu asinifundishe maana ya doti.

Sasa nisikilize. Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa chumba cha kuchora alinipa sheria moja kabla hata hajanionyesha choo: doti hazigusani. Karatasi yetu ni ya bei ya chini, inakunywa wino. Doti mbili zikigusana, mashine ikipita zinakuwa doa, na doa halisomeki. Kwa hiyo mchoraji anazipa nafasi. Huku kidogo, kule kidogo. Miji inapewa nafasi, madaraja yanapewa nafasi, mito husogezwa ili jina lipite. Ramani zote ulizosomea shuleni zilichorwa hivyo, na mbona hukupotea?

Wewe uliniletea doti mia sita na zaidi, kila moja kubwa kama punje ya mtama, zimerundikana moja juu ya nyingine kama siafu. Kama ningeziacha, Babu Wino angetoa mjusi mweusi katikati ya karatasi. Nilizipa nafasi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Na kwa kuwa unapenda kuuliza, na mimi nina swali. Kabla ya kuchapa nilikutumia prufu, ile nakala ya kuhakikiwa. Ulipaswa kuilinganisha na orodha yako, doti kwa doti. Iliondoka kwangu Jumatatu, ikafika kwako Jumatano, na Ijumaa ilikuwa tayari njiani kurudi. Chini kwenye kona ya kulia imeandikwa "Imehakikiwa", na sahihi iliyopo si yangu. Siku mbili, mwanangu. Nyani haoni kundule.

Mwanangu, sasa nimechoka. Wino wa kalamu hii unachuruzika.

Shangazi


16 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Nesi namwombea. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, nikaikunja, nikatembea hadi kituoni bila kumsalimia mtu.

Ni kweli. Sikuangalia. Prufu ilipofika niliifungua mezani, nikaona mkono wako, zile herufi zako za majina ya mito zinazoinama kidogo, na nikasikia fahari. Niliwaita wenzangu waje kuona. Kisha nikatia sahihi. Sikuchukua rula. Kwa mtu mwingine ningepima kila doti. Kwako niliona ni utovu wa adabu.

Hili hapa sijamwambia mtu. Katibu anasema mchoraji aseme, na mimi nimemwacha aamini kwamba tatizo lote liko huko kwako. Nimekuwa nikikulaumu kwa barua tatu mfululizo huku nikijua kona ya kulia ina nini. Nakukasirikia wewe na najikasirikia mimi, na sijui hasira ipi inaanza wapi.

Lakini bweni linajengwa, Shangazi. Tingatinga limefika wiki mbili kabla ya wakati. Jana lilikwangua majani yote ya kiwanja cha chini. Chora upya, doti zigusane, ziwe doa kama ni doa, na uwaandikie. Nakuomba.

Maswali


8 Juni

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Nimestaafu. Kulikuwa na hotuba tatu na viti vya kukodi. Meneja alinipa saa ya ukutani, mimi niliyekaa miaka thelathini na mmoja nikitazama saa. Ramani ilikuwa pale mlangoni ndani ya fremu yake, imesafishwa kioo. Babu Wino alisimama nami mbele yake akasema, "Mikono hii haijui kukosea." Chakula sikukila.

Siku ya pili, baada ya kifungua kinywa, nilifungua orodha yako kwenye meza ya kulia chakula. Nesi alifikiri nimechanganyikiwa. Nilianza na namba moja, nikaweka kila doti palepale ulipoiandika. Mkono ulikataa, mwanangu. Nilipofika mahali pa kuweka doti juu ya doti, vidole vyenyewe vilisogea pembeni, ikabidi nivirudishe. Nilivurugika sana. Lakini nilipozidi mia mbili nikaanza kuona. Nilipomaliza, mstari ulikuwa umepita kando ya ziwa, ukapenya chini ya mlima na kuendelea kaskazini, mweusi, mwembamba, kama mtu ameupiga kwa kalamu moja. Pande zote mbili karatasi ilikuwa nyeupe. Nami ndiye niliyekuwa nimeijaza.

Niliona aibu. Nilifunika karatasi kwa kitambaa cha meza ili Nesi asiulize.

Ramani hiyo nimeituma kwa halmashauri, pamoja na barua. Nimewaeleza kwamba hii ni nakala iliyoboreshwa, marekebisho yamefanyika kwa ajili ya usomaji mzuri zaidi. Nadhani yatosha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Shangazi


24 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa uchovu wa kustaafu, na asante kwa ramani. Naijua kazi uliyoifanya.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katibu aliisoma barua yako kwa sauti. Akasema, "Nakala iliyoboreshwa. Maana yake ile ya kwanza ilikuwa nzuri, na hii ni nzuri zaidi. Tumshukuru mama yetu mstaafu." Wakapiga makofi. Kweli, walikupigia makofi. Kisha akasema hii ya pili haina sahihi ya uhakiki na ile ya kwanza inayo, kwa hiyo kwa maamuzi itatumika ile ya kwanza. Ya pili wameitundika kwenye chumba cha chai.

Mtaro wa msingi umefika kiunoni. Nimesimama ndani yake kujipima.

Umeandika mwenye macho haambiwi tazama. Mle ukumbini kuna macho thelathini, Shangazi, na hakuna lililotazama. Hao ni wa kuambiwa. Na neno la kuwaambia unalijua, umelizunguka kuanzia Februari kama mtu anayezunguka shimo kwenye uwanja wake. Nakuandikia haya nikijua kwamba na mimi nina langu ambalo sijalisema mbele yao. Kikao kijacho ni tarehe 11 Julai.

Maswali


13 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nesi vipi? Naona siku zake zimetimia, na sina habari yoyote.

Juzi nilisimama kwenye kikao. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya mabamba na kingo zake, nikaiacha mfukoni. Niliwaambia: "Sahihi iliyo kwenye ramani ya kwanza ni yangu. Niliitia bila kulinganisha hata doti moja na orodha. Haikuhakikiwa. Msiitumie."

Mkandarasi ndiye aliyeongea wa kwanza, kuuliza tingatinga lake likae wapi. Kisha Katibu akaniuliza, "Na kwa nini hukuangalia?" Nikamjibu mchoraji ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea baba alipofariki. Akasema, "Ndiyo maana." Hakusema kwa dharau, na hilo liliniumiza zaidi.

Wamesimamisha uchimbaji siku thelathini, si zaidi. Wanataka mchoraji naye athibitishe kwa maandishi kwamba ramani ya kwanza si sahihi. Wasipopata, kazi inaendelea, kwa sababu wanasema mfanyakazi mmoja wa kituo hawezi kuiangusha hati kwa maneno ya mdomo. Mkuu wa kituo alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, akatazama viatu vyake muda wote. Leo asubuhi ameniondoa kwenye uhakiki. Niko stoo, nahesabu betri na nyaya.

Sitakuomba tena. Nimekuomba mara nyingi mpaka ombi limekuwa kero. Nimekueleza hali ilivyo tu.

Maswali


14 Julai

Mwanangu Maswali,

Tarehe 9 asubuhi Nesi alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya mnadi. Mama na mtoto wazima. Wewe ndiwe wa kwanza kuandikiwa.

Nilimbeba. Nikafikiri, huyu akikua anaweza kupelekwa shule ya bweni, mahali nisipopajua, na usalama wake ukategemea mwanamke fulani aliyetaka karatasi yake ipendeze. Sikuweza kuendelea kumbeba, nikamrudisha kwa mama yake.

Jana nilikwenda kiwandani kuomba ile fremu ishushwe. Meneja alicheka. Babu Wino hakucheka. Aliniuliza kuna nini, nikazungukazunguka, akaniambia, "Mama, mficha uchi hazai." Basi nikamwambia yote palepale mlangoni, watu wakipita. Alikwenda kuleta ngazi mwenyewe. Ukutani pamebaki mraba mweupe kando ya saa.

Barua ya pili kwa halmashauri nimeituma leo kwa rejista. Nakunakilia yote, si ndefu:

"Mimi ni mchora ramani mstaafu. Kwenye ramani yangu ya kwanza niliyasogeza matetemeko kutoka mahali yalipotokea, kwa sababu nilitaka kazi yangu ipendeze. Hakuna aliyeniruhusu. Nilikosea. Ramani ya pili inaonyesha yalipotokea. Kiwanja cha chini kiko juu ya mstari. Naomba msilaze watoto pale."

Niliiandika mara saba. Zile sita za mwanzo zote zilikuwa na neno "lakini".

Kuhusu sahihi yako, usiwaambie lolote. Una kazi mbele yako, na mimi yangu imekwisha. Hili acha libaki kwangu peke yangu. Hilo ni agizo, si ombi.

Shangazi


5 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya kupata mjukuu. Najua barua zetu za Julai zilipishana njiani na umekwishaona kwamba agizo lako lilichelewa siku tatu. Unisamehe. Hata lingewahi, nisingelitii.

Bweni limehamishwa kwenda kiwanja cha juu. Mtaro wa chini unafukiwa, nimekwenda kuona udongo unavyorudi. Katibu bado ananung'unika kwamba huko juu lazima kichimbwe kisima, na kila tone litakalokosekana atalitaja kwa jina langu. Bado niko stoo. Wenzangu wameacha kuniita kunywa chai, ila mmoja.

Mwezi uliopita mkuu wa kituo aliniletea ramani yako ya pili, akasema kabla ya kuchapwa ihakikiwe, doti kwa doti, na kwamba nitapima mimi lakini sahihi atatia mwingine. Alikusudia kuniadhibu. Nimepima kwa bikari na lenzi, siku tisa. Doti mia sita na kumi na moja ziko pale zinapotakiwa kuwa.

Namba 207 haiko. Imekwenda magharibi milimita tatu. Haibadilishi kitu, bweni halimo karibu nayo, na hakuna mjumbe atakayeiona hata akiishi miaka mia. Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama nikuambie, kwa sababu umechoka, na umeshatoa vya kutosha, na mimi ni mtoto wako. Kisha nikaona kwamba hivyo ndivyo tulivyofika hapa.

207, Shangazi. Milimita tatu. Ramani naituma pamoja na barua hii.

Maswali


20 Septemba

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Mtoto anakula na kulia, na baba yake amekonda.

Barua yako ilinikasirisha. Nilichukua rula nikiwa na nia moja, kwamba safari hii wewe ndiye uwe umekosea, ili nikuandikie. Nilipima 207 mara tatu. Nilibadilisha rula, nikapima mara ya nne. Nilikosea. Nimeikwangua kwa wembe na kuiweka mahali pake, karatasi haikutoboka.

Ramani nimeituma leo. Wewe umesema zile nyingine mia sita na kumi na moja ziko sawa. Zipime tena, na usinihurumie.

Shangazi